Bati la Pampu na Kona ya Tana

Pampu ilikuwa uchi. Ilikuwa imewekwa chini ya mwembe, hatua chache kutoka ukingo wa Tana, mpira wake wa kufyonza umelala majini, na lile bati jembamba linalofunika kichwa cha injini limening'inizwa kwenye tawi kama shati la mtu aliye kwenye palizi. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa Februari, wakati ambao huku hata mbuzi hugombea kivuli. Mzee mwenye shamba alinieleza alichofanya na kwa nini. Injini ilikuwa ikichemka na kuzima kila baada ya nusu saa, kwa hiyo aliivua ili ipate upepo. Tangu aivue, alikiri, inazima mapema zaidi.

Fikra yake haikuwa ya kijinga. Mtu akiona joto huvua shati, na nyumba ikiwaka joto hufunguliwa madirisha. Hata mimi ningeanza na spana ileile. Lakini bati lile halikuwa vazi. Lilikuwa mfereji, na mzee alikuwa ameubomoa mfereji akidhani anaondoa kizuizi. Nilikuwa nimekuja Kinakomba kuandika habari za maembe. Nikaondoka na daftari limejaa habari za upepo.

Ukiifungua pampu ndogo ya petroli upande wa kamba ya kuwashia, utakuta gurudumu zito la chuma lililozungushiwa mapanga kama ya feni. Kazi ya kwanza ya gurudumu hilo ni kuifanya injini izunguke bila kusitasita. Kazi ya pili, ambayo wengi hatuifikirii, ni kupuliza. Mapanga hufyonza hewa kupitia matundu ya kifuniko cha mbele na kuisukuma kuelekea silinda. Hapo ndipo bati linapoanza kazi. Huizuia hewa isitawanyike, huikunjisha kona, kisha huilazimisha ijipenyeze kati ya mapezi ya silinda, yale mabamba membamba ya alumini yaliyopangana kama kurasa za kitabu. Ondoa bati, na mapanga yataendelea kupuliza kama kawaida. Ila sasa hewa haina sababu ya kujibana kwenye nafasi za mapezi. Inakwenda kunakokwendeka kwa wepesi, kama maji ya shambani ukingo wa mfereji unapobomoka: mpunga unakauka huku njia ya ng'ombe ikiwa tope.

Na joto lenyewe si dogo. Injini ya aina hii hugeuza takriban robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, mara nyingine chini ya hapo. Ukimimina lita nne za petroli, lita moja ndiyo inayopandisha maji kwenye migomba. Tatu zilizobaki ni joto tupu. Sehemu ya joto hilo hutoka na moshi. Linalobaki lazima litoke kupitia kwenye chuma, na mlango wake ni yale mapezi.

Mzee alilielewa jambo hili upesi kuliko nilivyotarajia, na sababu ilikuwa inapita mbele yetu, pana na ya rangi ya chai ya maziwa.

Kinakomba ni wadi ya eneobunge la Galole, Kaunti ya Tana River, lakini kabla ya kuwa jina la wadi lilikuwa jina la watu, mojawapo ya makundi ya Wapokomo wa juu, kama walivyo Wandura na Wazubaki. Ni watu wa mto. Nyuma ya mashamba yao, ardhi inapokauka, wanaanza Waorma na Wawardei na ng'ombe wao. Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, wa kilomita 1,000 hivi, ukifika hapa umeshateremka milima yote na sasa unazunguka bondeni kama mtu asiye na haraka. Anayepanda mto kwa mtumbwi hapiti katikati. Hujibana ukingoni, akisukuma kwa upondo, kwa sababu maji ya ukingoni ni mazito na ya polepole. Anayeteremka hutafuta katikati na kuacha mkondo umbebe. Hakuna anayefundishwa hilo darasani. Mikono yenyewe huhisi kwamba maji yanayogusa ukingo ni kama yameukamata na hayataki kuuachia.

Jambo la pili analolijua kila mwenye shamba ni kona. Mto unapokwenda sambamba na ukingo, ukingo unaweza kukaa miaka. Mto unapopinda na mkondo kuukabili ukingo uso kwa uso, udongo unamegeka, mwembe unaanguka, na shamba la urithi linakwenda Kipini, mto unakoishia baharini. Maji ni yaleyale na kasi ni ileile. Kilichobadilika ni pembe. Hola inaujua ukali huo kuliko mji mwingine wowote wa bondeni: mwaka 1989 Tana ulihama mkondo wake, na mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa miaka ya 1950 ukabaki na mifereji isiyo na maji.

Basi hewa nayo ina tabia hizo mbili, kuparaza na kugonga. Karibu kila kitu kinachopozwa kwa upepo, kuanzia pampu ya mzee hadi kompyuta kubwa za dunia, kimejengwa juu ya mojawapo, au juu ya zote mbili zikiwa zimeoanishwa.

Anayesifiwa kwa kulieleza jambo la kwanza ni Mjerumani Ludwig Prandtl. Agosti 1904, kwenye kongamano la wanahisabati mjini Heidelberg, alipewa dakika kumi. Alizitumia kueleza kwamba hewa au maji yanapopita juu ya kitu, sehemu inayogusa kabisa haisogei. Juu yake kuna tabaka jembamba ambamo kasi inapanda kutoka sifuri hadi kasi ya mkondo wenyewe. Tabaka hilo, mara nyingi la milimita chache tu, ndilo linaloamua karibu kila kitu, tangu mabawa ya ndege hadi sufuria inayopoa. Sidhani kama waliokuwa ukumbini siku hiyo waling'amua walichopewa.

Kwa habari ya joto, tabaka hilo ni kama ngozi. Hewa iliyotulia ni mojawapo ya vizuizi bora vya joto. Ndiyo maana blanketi hufanya kazi. Alumini hupitisha joto kwa wepesi mara elfu kadhaa kuliko hewa. Kwa hiyo joto husafiri mbio ndani ya chuma cha injini, likifika usoni hukuta ngozi ya hewa iliyonata, likakwama hapo kama lori la mchanga lililofika kwenye kivuko mafuriko yakiwa juu. Mkondo wa hewa baridi unaweza kuwa unapita karibu sana, lakini hauligusi. Upepo unaoparaza huipunguza ngozi hiyo, lakini hauing'oi, na kadiri hewa inavyosafiri juu ya uso wa moto ndivyo ngozi inavyozidi kunenepa. Pezi hupoa vizuri pale hewa inapoingilia. Pale inapotokea, hewa imeshachoka na imeshapata joto.

Dawa ya ngozi nene kila mtoto anaijua. Bibi akikupa uji wa moto, huupepei kwa kiganja tu. Unabana midomo na kupuliza. Midomo ikibanwa, pumzi inatoka kwa kasi, inavuta njiani hewa ya pembeni iliyo baridi kuliko pumzi yenyewe, kisha inagonga uso wa uji na kuusukuma mvuke kando. Jaribu kupuliza uji uleule kwa kinywa wazi, kama unayepasha moto viganja asubuhi ya Julai, utasubiri sana. Mapafu ni yaleyale. Tofauti imeletwa na tundu la midomo.

Wahandisi wamelifanya tundu hilo kuwa taaluma nzima. Hutoboa bamba matundu madogo, husukuma hewa nyuma yake, na kila tundu hutoa mshale wa hewa unaokwenda kugonga kitu cha moto moja kwa moja. Mshale ukigonga, hewa haina pa kwenda ila kutawanyika pande zote, na pale ulipogonga ngozi ya hewa inabanwa hadi kuwa nyembamba kuliko popote pengine. Hewa iliyotulia huchukua joto kidogo sana kutoka kila eneo la chuma. Feni inayoparaza huzidisha kiasi hicho mara kadhaa. Mshale uliolengwa vizuri unaweza kukizidisha tena, kwa hewa ileile.

Lakini mshale una masharti. Ukitoka tunduni, kiini chake hubaki na nguvu kamili kwa umbali wa mara nne hadi sita ya upana wa tundu. Baada ya hapo huanza kusambaratika. Kwa hiyo tundu la milimita 5 hufanya kazi nzuri likiwa sentimita 3 hivi kutoka kwenye kitu kinachopozwa. Likiwekwa mbali, mshale unafika umekuwa upepo tu. Likiwekwa karibu mno, hewa inakosa nafasi ya kuvurugika, na mvurugo huo ni rafiki wa kupoza.

Anayeyajua haya kwa vidole ni fundi wa simu wa Hola, ingawa yeye huyatumia kinyume. Kwenye meza yake kuna blowa, chombo chenye mdomo mwembamba kinachotoa hewa ya nyuzi mia tatu na kitu. Akitaka kung'oa chipu kwenye bodi, huushikilia mdomo ule juu yake kwa umbali wa kidole, anazungusha mkono polepole, risasi inayeyuka, anainua chipu kwa kibanio. Akisogea mbali, risasi haiyeyuki. Akisogea karibu na kutulia mahali pamoja, anaunguza bodi. Mwanafunzi wake atalia na bodi tatu nne kabla mkono haujakubali. Ni mshale uleule wa wahandisi; kilichogeuka ni upande joto linakoelekea. Tena fundi hufunika vipande vya jirani kwa utepe usioungua, maana anajua kwamba hewa ikishagonga haiishii hapo, inatambaa kwenda kwa jirani.

Kutambaa huko ndiko kunakoleta ugumu. Mshale mmoja ukiwa peke yake ni jambo rahisi. Weka mishale kumi katika nafasi nyembamba, na hewa iliyokwisha gonga lazima itafute njia ya kutoka. Inapotoka inapita katikati ya mishale mingine. Mishale ya mwanzo inagonga sawasawa. Ya mwisho inakuta mkondo wa hewa chakavu unaokimbilia mlangoni, inapindishwa kando na pengine haifiki kabisa. Kule Kinakomba mfano wake huonekana kwa macho msimu wa mvua. Laga kavu, yaani korongo la maji ya mvua, inajaa ghafla na kumwaga maji mekundu ndani ya Tana. Kama Tana uko chini, maji ya laga yanavuka hadi karibu na ng'ambo. Kama Tana nao umejaa, maji mekundu yanapindwa na kubanwa ukingoni, yakateremka mwendo mrefu kama uzi kabla ya kuchanganyika.

Kwa nini basi mtu achanganye vitu viwili vinavyogombana, mkondo unaoparaza na mshale unaogonga? Kwa sababu vifaa vya kweli si bamba tambarare. Bodi ya kompyuta au ya inveta ni kama mji: kuna majengo marefu na mafupi, na mawili matatu kati yake ndiyo yanayowaka. Mwaka 1999 watafiti Meinders na Hanjalić wa Delft, Uholanzi, walichapisha vipimo vya mkondo wa hewa unaopita juu ya vidadu vya milimita 15 vilivyopangwa kwenye ukuta wa mfereji, kama mfano wa vipande vya elektroniki. Hewa ikikutana na dadu huparaganyika. Mbele hujikunja na kulizunguka kwa umbo la kwato la farasi. Nyuma yake hubaki kivuli cha hewa inayozunguka palepale, ikipata joto, bila kuondoka. Mvuvi wa kambare analijua dimbwi la namna hiyo nyuma ya gogo. Miaka michache baadaye, Rundström na Moshfegh wa Gävle, Uswidi, waliongeza mshale wa hewa kutoka juu, ukilenga dadu la moto ndani ya mfereji wa namna hiyo. Mkondo wa mfereji unashughulikia bodi nzima kwa upole, mshale unashughulikia lile dadu sugu. Fundi akizipatanisha kasi hizo mbili, kila moja inafanya kazi ambayo nyingine haiwezi. Akikosea, mkondo unaupinda mshale kabla haujafika, kama Tana na laga.

Swali la mtu wa kawaida ni hili: si waweke tu feni kubwa? Hapo hesabu ni chungu. Ukiongeza kasi ya hewa mara mbili katika mkondo uliovurugika, joto linalobebwa huongezeka kwa mara 1.7 hivi. Umeme unaoliwa na feni kuisukuma hewa hiyo kwenye njia ileile huongezeka karibu mara nane. Mjini, anayelipa ni bili. Kijijini, anayelipa ni betri ya sola, yaani taa ya saa mbili usiku. Kwa hiyo kuielekeza hewa ni nafuu kuliko kuiongeza, na bati la bei ndogo linaweza kushinda feni ya bei kubwa.

Suala hili lina uzito wake hapa kwa sababu vifaa tunavyouziwa vimeandikiwa nchi nyingine. Bamba la sola hupimwa kiwandani likiwa na nyuzi 25. Bamba lililolala juani Kinakomba hufika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi inayozidi 25 hulipunguzia bamba la kawaida takriban asilimia 0.4 ya nguvu. Bamba lililoandikwa wati 300 likifika nyuzi 65 linatoa 250 hivi, saa ileile ambayo mwenyewe anadhani jua kali linamletea faida. Inveta nazo nyingi hujipunguzia nguvu hewa inayozizunguka inapofika nyuzi 45 au karibu na hapo. Ukiifunga inveta ukutani ndani ya kibanda cha mabati kisicho na dirisha, nyuzi hizo hufika kabla ya adhuhuri. Mafundi wa elektroniki wana kanuni ya kukadiria: kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza nusu ya maisha ya vipande fulani. Simu yangu mwenyewe, niliyoiacha juu ya kiti cha matatu nje ya Hola, iligoma kuchaji hadi ilipopoa. Niliiona ina kiburi, lakini ilikuwa inajiokoa.

Bodaboda ina mkasa wake. Pikipiki nyingi zinazotumika hapa hupozwa na upepo wa mwendo tu, hazina feni wala rejeta. Barabara ikiwa nzuri, mapezi ya silinda yanapata upepo wa kutosha. Kwenye mchanga, na abiria wawili na gunia, injini inanguruma kwa gia ya kwanza huku pikipiki ikitambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Joto jingi, upepo kidogo. Mashine hii hukosa pumzi wakati hasa inapobeba mzigo, na mwendeshaji mzoefu huijua harufu yake kabla injini haijagoma.

Inua macho sasa kwenye mnara wa simu. Yale masanduku yaliyofungwa juu karibu na antena yana mapezi mgongoni, na ukitazama vizuri utaona mapezi yamesimama wima. Mengi hayana feni hata moja. Hewa iliyo kati ya mapezi hupata moto, huwa nyepesi, hupanda yenyewe kama moshi kwenye dohani na kuvuta nyingine kutoka chini. Ungeyageuza mapezi yalale, sanduku lingechemka. Nafasi kati ya pezi na pezi nayo ni ya kupimiwa: ikiwa nyembamba mno, ngozi ya hewa ya pezi hili inagusana na ya pezi la pili, na hewa haipiti tena.

Kuna jambo lililonifurahisha nilipolifikiria tukiwa palepale ukingoni. Maji yale ya rangi ya chai yalikuwa yameshafanya kazi ya kupoza kabla ya kutufikia. Juu huko, Tana hupita kwenye mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yaliyojengwa kati ya miaka ya 1960 na 1980. Jenereta kubwa za aina hiyo kwa kawaida hupozwa kwa hewa inayozungushwa ndani ya mashine, ikapita katika mianya myembamba kati ya nyaya za shaba, kisha hewa hiyo yenyewe ikapozwa na mabomba ya maji. Maji ya mto. Ujazo uleule wa maji hubeba joto mara elfu tatu na zaidi kuliko hewa, kwa hiyo mto haujisikii kitu.

Mshale wa hewa umefika mbali zaidi kuliko pampu na bodi. Kinyerezi, Dar es Salaam, umeme huzalishwa kwa mitambo inayochoma gesi asilia. Ndani ya mitambo ya namna hiyo kuna mapanga ya chuma yanayozunguka katikati ya gesi ya zaidi ya nyuzi 1,000. Na katika injini kubwa za kisasa, za ardhini na za ndege, gesi hupita hata kiwango cha kuyeyuka cha chuma cha panga lenyewe. Panga haliyeyuki kwa sababu lina uwazi ndani, na ndani ya uwazi huo hewa hupenyezwa kwenye matundu madogo ikagonga ukuta wa panga kutoka upande wa ndani. Hewa hiyo ya kupozea mara nyingi ina zaidi ya nyuzi 400. Ingekaanga samaki. Kwa panga, ni baridi ya Limuru.

Na bado kuna mahali ambapo hewa imeanza kunyosha mikono. Chipu ya H100 ya kampuni ya Nvidia, inayotumika kuendeshea akili mnemba, inaweza kula wati 700 kwenye kipande cha sentimita nane za mraba, kama stempu kubwa. Pasi ya umeme ya nyumbani hutandaza wati 1,200 hivi kwenye bamba la sentimita mia mbili. Kwa kila sentimita, chipu ina moto zaidi ya mara kumi wa pasi, na inatakiwa isifike nyuzi mia. Ndiyo maana majumba mapya ya kompyuta yanarudi kwenye maji. Mzee aliposikia hilo aliuliza kama nao wanachimba mifereji. Nikamwambia wanachimba, ila ya upana wa unywele.

Adui mkubwa wa yote haya hapa bondeni hata hivyo hana hesabu ngumu. Ni vumbi. Ni ule udongo laini wa mafuriko unaokauka na kupeperuka, pamoja na mabua, manyoya ya kuku, na nyigu wanaojenga vijumba vya udongo ndani ya tundu lolote lenye upana wa kidole. Mapezi ya pampu ya mzee yalikuwa yamejaa mchanganyiko wa vumbi na mafuta yaliyovuja, umekauka kama ugali wa jana. Hewa ilikuwa imefungiwa mlango mbele, na bati lilipotolewa ikafunguliwa uchochoro wa kukimbilia pembeni. Kusema kweli, ningemlaumu mtengenezaji kabla ya kumlaumu mzee: kitabu cha maelekezo kilichokuja na pampu kilikuwa katika lugha ambayo hakuna mtu wa kijiji kile anayeisoma, na skrubu za bati zilikuwa laini hata mbili zilikuwa zimeliwa vichwa.

Tuliisubiri injini ipoe. Mjukuu wake alileta mswaki uliochakaa na petroli kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akasugua pezi moja baada ya jingine, akichokoa katikati kwa njiti ya mnazi. Tope jeusi likadondoka. Mzee akalishusha bati kwenye tawi, akalipangusa kwa kikoi, akalirudisha. Skrubu mbili zilishika. Mahali pa zile mbili zilizoliwa alizungusha waya wa kufungia, akakaza kwa koleo hadi bati likaacha kutetema.

Alivuta kamba mara tatu. Niliweka kiganja pembeni, upande hewa inakotokea, na nikaihisi ikija: moto, ya kasi, imebanwa. Nikaangalia saa. Nusu saa ilipopita nikageuka kumwambia mzee, lakini alikuwa ameshashika jembe na kwenda kufungulia maji upande wa migomba.